Kinanda, Kinasa na Kipaza: Juu ya Kutafuta Sauti ya Kweli Mjini Morogoro

Mtu apendaye kujua jinsi watu wa Afrika Mashariki walivyoipokea mashine ya kutoa sauti asianze na mashine yenyewe. Aanze na majina waliyoipa. Wazungu waliiita gramafoni, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani ya maandishi na sauti, nalo likaingia katika Kiswahili kama lilivyo. Lakini wazee wetu hawakutosheka nalo. Waliiita pia kinanda cha santuri, na kwa kufupisha santuri tu, jina ambalo baadaye lilihamia kwenye sahani yenyewe inayozungushwa. Kinanda, kama ijulikanavyo, ni chombo cha kupiga muziki; na santur ni chombo cha nyuzi cha Uajemi na nchi za Waarabu, kipigwacho kwa vijiti viwili vyepesi. Basi katika lugha yetu mashine hii iliwekwa tangu mwanzo katika jamaa moja na zeze, udi na gambusi. Haikuitwa kioo cha sauti, wala haikuitwa mwangwi, ingawa maneno hayo yalikuwapo na yangalifaa. Baadaye kikaja kinasa sauti, ambacho hunasa kama mtego unasavyo ndege, na kipaza sauti, ambacho huiinua sauti iliyo chini. Katika majina yote hayo hapana hata moja linaloahidi kwamba kitakachosikika nyumbani ni kile kile kilichoimbwa mbele ya mashine.

Nimetanguliza jambo hili la majina kwa sababu katika nchi zilizounda mashine hizo ahadi ya namna hiyo ilitolewa mapema, na kwa sauti kubwa. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison wa Marekani ilifanya maonyesho ambayo mwimbaji alisimama jukwaani kando ya mashine, taa zikazimwa, na wasikilizaji wakatakiwa kutambua ni lini anaimba mtu na ni lini inaimba sahani. Magazeti yaliandika kwamba watu walishindwa. Miongoni mwa waimbaji hao alikuwa Anna Case, naye alikuja kueleza baadaye kwamba jukwaani aliipunguza sauti yake ili ilingane na ya mashine. Mwaka 1954 Mwingereza Gilbert Briggs, mwenye kampuni ya spika iitwayo Wharfedale, aliujaza watu ukumbi wa Royal Festival Hall wa London, akawapigia wanamuziki walio hai na santuri zao kwa zamu, watu wakapima wenyewe. Mwaka uliofuata akafanya vivyo hivyo katika Carnegie Hall ya New York. Msaidizi wake katika kazi hiyo, Peter Walker wa kampuni ya Quad, alitoa mwaka 1957 spika isiyokuwa na koni ya karatasi, bali utando mwembamba unaotikiswa na umeme tuli, na mpaka leo wako watu wanaoamini kwamba sauti ya mwanadamu haijapata kutolewa vizuri zaidi ya hapo. Juhudi hizi zote zilikuwa na kipimo kimoja: mweke mtu aliye hai kando ya mashine, kisha sikiliza.

Kipimo ni kizuri. Shida yake ni kwamba mnunuzi hakuweza kukitumia nyumbani. Aliyenunua spika ya Briggs mjini Leeds hakuwa na waimbaji sebuleni mwake. Alikwenda na kumbukumbu ya tamasha moja, na kumbukumbu hiyo ilikwisha upya wake kabla ya spika kuzoea nyumba.

Mjini Morogoro mambo yalikuwa kinyume. Mji huu, ulio chini ya milima ya Uluguru na uliofikiwa na reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, ulikuwa kituo cha mashamba ya mkonge na makutano ya njia. Waluguru walishuka kutoka mlimani na mazao yao, na wageni wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi. Si mji mkubwa. Hata hivyo katika miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa na bendi mbili ambazo nchi nzima ilizijua: Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Bendi hizi zilishindana, na wenyeji waligawanyika kama wagawanyikavyo watu kwa timu za mpira. Kwa hiyo yamkini mtu yule yule aliyekuwa na santuri ya Salum Abdallah nyumbani alimsikia Salum Abdallah mwenyewe akiimba wimbo ule ule katika ukumbi ulio mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kipimo ambacho Edison na Briggs walikiandalia jukwaa na pazia, mkazi wa Morogoro alikipata kila mwisho wa juma kwa bei ya kiingilio.

Hapo ndipo penye utajiri wa habari hii, na ndipo penye utata pia. Maana bendi iliyokuwa kipimo cha santuri ilikuwa yenyewe imezaliwa na santuri.

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa wa asili ya Kiarabu, na mama yake alikuwa Mluguru. Katika utoto wake zilikuwa zikiuzwa Afrika Mashariki santuri za mfululizo ulioitwa GV, ambazo Wazungu wa His Master's Voice walianza kuzileta Afrika mwaka 1933. Ndani yake zilikuwamo nyimbo za Kuba, za makundi kama Sexteto Habanero na Trio Matamoros, zilizorekodiwa kwanza kwa ajili ya soko la Amerika ya Kilatini. Pwani ilikuwa imekwisha kuzoea santuri, maana Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Lakini taarabu ilisikilizwa kwa kukaa, na santuri za Kuba zilimwinua mtu kitini. Kijana Salum zilimwinua hata akatoroka nyumbani. Inasimuliwa kwamba alikwenda Mombasa akitumaini kupata meli itakayomfikisha Kuba. Meli hakuipata. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaunda bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa Cuban Marimba.

Sasa na tuulize swali ambalo wanahistoria wa muziki wetu hawaliulizi sana: kijana huyu alisikia nini hasa? Hakusikia Kuba. Alisikia sahani ya santuri, ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, ikizungushwa mara 78 kwa dakika na springi iliyotiwa nguvu kwa mkono. Upande mmoja ulikwisha kwa dakika tatu hivi. Sindano ilikuwa ya chuma, nayo ilipasa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Lakini sindano zilinunuliwa kwa fedha, kwa hiyo zilitumika hadi zikawa butu na kuila njia ya sahani kama jembe liilavyo ardhi ya mteremko. Kurekodi kwa umeme kulikuwa kumeanza mwaka 1925, na santuri za GV zilirekodiwa kwa njia hiyo, zikanasa takribani kutoka mitetemo 100 hadi 5,000 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana husikia kutoka 20 hadi 20,000. Hata hicho kilichonaswa hakikutoka chote, maana tarumbeta ya gramafoni ndogo haikuweza kuzitoa sauti nzito. Makundi ya kwanza ya muziki wa son wa Kuba yalikuwa na besi iliyopigwa kwa mtungi wa udongo uliopulizwa mdomoni, au kwa sanduku lenye vijiti vya chuma liitwalo marimbula, ambalo asili yake ni zile mbira na malimba za Afrika. Sauti hizo nzito, ambazo zilikuwa za kwetu kabla ya kuvuka bahari, ndizo ambazo gramafoni ilishindwa kuzirudisha.

Yafaa niseme hapa kwamba sikio halikubali kunyimwa kwa urahisi. Sauti nzito ya chombo haiji peke yake. Huja na wafuasi wake wa juu, na sikio likiwasikia wafuasi tu, humkisia mkuu wao likadhani limemsikia. Ndiyo maana aliyesikiliza gramafoni alijua kwamba pana besi, hata kama haikutikisa kitu chumbani. Alijua ipo, hakujua uzito wake. Kwa hiyo Salum Abdallah na wenziwe walipoziiga santuri za Kuba, palikuwa na sehemu waliyoiiga na sehemu waliyopaswa kuikisia, na waliikisia kwa ngoma walizozizoea. Mtu akisikiliza leo santuri za Cuban Marimba za mwisho wa miaka ya 1950, nyingi zikiwa na chapa ya Mzuri ya duka la Assanand wa Mombasa, atatambua magitaa na vile vijiti vya kugonganisha vilivyotoka moja kwa moja katika GV. Lakini namna wimbo unavyotembea kwa chini si ya Havana. Ni ya watu waliocheza ngoma kabla ya kushika gitaa. Kama gramafoni ya Morogoro ingalikuwa kamili, ikaitoa Havana yote bila kupunguza kitu, nina hofu kwamba tungalipata bendi iliyo nakala. Kasoro ya mashine iliacha nafasi, na nafasi ile ikajazwa.

Sisemi hivi ili kuzisifu mashine mbovu. Msikilizaji wa kawaida hakuwa mtunzi, wala hakuhitaji kuachiwa nafasi, alitaka kusikia. Na jitihada aliyoifanya ili asikie vizuri ni sehemu ya historia, ingawa haikuandikwa, kwa kuwa waliofanya jitihada hiyo hawakuiona kuwa elimu.

Redio ndiyo iliyoifikisha jitihada hiyo mlimani. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza mwaka 1951; mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika; na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi za Morogoro zilipanda gari zikaenda studio za redio katika barabara ya Pugu, na huko zikarekodiwa kwa pamoja, wote wakipiga kwa wakati mmoja mbele ya maikrofoni chache; aliyekosea aliwarudisha wenziwe mwanzo. Sauti ya namna hiyo haikuunganishwa vipande vipande. Ilikuwa sauti ya watu waliosimama katika chumba kimoja na kutazamana. Hata hivyo pana mtu mmoja aliyekuwamo chumbani ambaye hasikiki, naye ni fundi mitambo, aliyeamua nani asimame karibu na maikrofoni na nani asogee nyuma. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa makabila, alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuizungusha mwenyewe, akimsogelea mwimbaji, kisha akigeukia ngoma. Na mashine ya umeme iliyomo garini aliiweka mbali, ameiunganisha kwa waya mrefu, ili mngurumo wake usiingie. Twaziita kazi zake kumbukumbu za muziki wa asili, na ni haki. Lakini kila upande wa santuri zake una mkono wake ndani, kama nakala ya utenzi ilivyo na mkono wa mnukuzi.

Katika vijiji vya Mgeta, Matombo na Kinole, ambako umeme haukuwako, redio ilikula betri. Betri zilikuwa ghali, hata zile za National zilizotengenezwa Dar es Salaam, na zilipodhoofu sauti ilianza kukwaruza na kunywea. Watu walizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya siku moja zaidi, na nguvu hiyo iliwekwa akiba kwa saa ya taarifa ya habari na saa ya muziki. Masafa yaliyotumiwa na redio hayakupitisha sauti nyembamba zilizozidi mitetemo 5,000 hivi, kwa hiyo manyanga na matoazi yalifika kama vumbi. Mvua ya Uluguru ikinyesha juu ya bati, hata vumbi hilo halikusikika. Lakini angalia alichofanya mtu. Redio ndogo aliiweka juu ya meza tupu, akaona sauti imekuwa nyembamba. Akaisogeza kwenye pembe ya chumba, ikanenepa. Mwingine aliitoa spika katika redio iliyokufa, akailaza juu ya mdomo wa mtungi wa udongo, na mtungi ukavuma. Nimeiona mitungi ya namna hii katika vinyozi na vilabu vya pombe, Morogoro na kwingineko, na siku hizi hata ndoo hufanywa vivyo hivyo. Mtaalamu wa fizikia atakueleza kwamba hewa iliyomo ndani ya chombo chenye mdomo mwembamba hutikisika kwa kipimo chake maalumu, na kwamba Mjerumani Helmholtz aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 19. Wapiga mtungi wa Kuba hawakuwa wamemsoma Helmholtz, wala mwenye mtungi wa Uluguru. Na ajabu ni kwamba mtungi ule ule uliopotea katika gramafoni ya baba ulirudi katika redio ya mwana, safari hii ukiwa nje ya wimbo.

Je, sauti ya mtungi ni ya kweli? Kwa kipimo cha Briggs, hapana. Mtungi una sauti yake, nao huipaka juu ya kila wimbo, wa msiba na wa harusi. Lakini mwenye mtungi alikuwa na ukumbi wa kwenda. Alijua besi ya bendi inavyogonga kifuani, akaona redio yake haina kitu hicho, akakitafuta kwa chombo alichokuwa nacho. Alikuwa akisahihisha. Hii ni tofauti kubwa na mtu anayeongeza besi kwa kuwa anaipenda besi. Kadhalika maseremala waliotengeneza masanduku ya spika kwa mbao za mninga, mti mzito usiotikisika ovyo, walirudiwa na wateja wao ambao waliweza kusema: si hivyo, jana nilikuwa ukumbini, gitaa lake halilii hivi.

Katikati ya miaka ya 1960 neno hilo la gitaa liliingia ugumu mpya. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, alijiunga na Morogoro Jazz na muda si mrefu akawa gitaa lake ndilo sauti ya bendi. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia, na mwaka 1973 Mbaraka aliiacha akaunda Super Volcano. Gitaa lake lilikuwa la umeme. Sasa sauti ya asili ya gitaa la umeme ni ipi? Nyuzi zake peke yake hazisikiki hatua kumi. Kinachosikika ukumbini ni koni ya karatasi inayosukumwa na amplifaya. Yaani hata aliyesimama mbele ya Mbaraka mwenyewe alisikiliza spika. Wapo wapenzi wa mashine za bei kubwa wanaokataa muziki wa umeme usitumiwe kupimia sauti, wakitaka fidla na piano peke yake, kwa hoja kwamba humo ndimo mna sauti isiyopita katika waya. Mimi naona hoja hiyo ni ya watu wasiokuwa na bendi karibu. Amplifaya ya Mbaraka, pamoja na mkwaruzo wake ilipozidiwa, ilikuwa sehemu ya chombo chake kama tumbo la zeze lilivyo sehemu ya zeze. Ukweli wa sauti yake ulikuwa ukumbini, ukasikika na mamia ya watu, nao waliweza kuushuhudia.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965. Juma Kilaza akaiendesha Cuban Marimba baada yake. Mbaraka Mwinshehe naye alikufa kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Nyimbo zake zilitolewa tena mjini Nairobi katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, na jina hilo linatosha kueleza kilichotukia. Hadi siku ile santuri ilikuwa shahidi mmoja mbele ya baraza lililokuwa na mashahidi wengine wengi. Kuanzia hapo mashahidi wengine walianza kupungua: bendi zilivunjika, na wacheza dansi wa 1960 wakawa wazee. Santuri ikabaki, ikawa ndiyo sauti yenyewe. Leo kijana anayetafuta sauti ya kweli ya Mbaraka hupima spika zake kwa santuri au kwa faili iliyotokana na santuri, naye hana njia nyingine. Akipata mashine iliyo bora kabisa, atapata kwa usahihi mkubwa sauti ya kipande cha plastiki kilichokanyagwa na sindano nyingi.

Jambo hili lingalikuwa la wapenzi wa mashine peke yao kama lisingalitugusa sisi wa vyuo. Lakini linatugusa, kwa kuwa nyimbo hizi ni maandiko. Tunazifundisha kama ushairi, tunachunguza Kiswahili chake, tunaandika juu ya lafudhi ya Morogoro ya mwaka 1960. Na tunachokisikiliza ni nakala. Kanda za Redio Tanzania, ambazo ziko mikononi mwa TBC, na santuri zilizo katika nyumba za watu zinageuzwa kuwa tarakimu, baadhi kwa uangalifu na nyingi kwa haraka. Anayezigeuza hutaka zipendeze. Huondoa mchakacho wa sindano kwa programu, na programu haijui tofauti ya mchakacho na manyanga, maana vyote viwili ni sauti nyembamba zisizo na noti. Basi manyanga huondoka pamoja na uchafu, na mwanafunzi atakayekuja ataandika kwamba bendi ile haikuwa na manyanga. Huongeza besi, kwa kuwa spika za simu hazina besi na vijana wameizoea. Huigawanya sauti kushoto na kulia, ingawa wimbo ulirekodiwa kwa njia moja tu, na magitaa yaliyosimama pamoja hutengwa kama ndugu waliogombana. Mhariri wa utenzi akifanya hivyo kwa beti za Mwana Kupona, tutamshtaki.

Kubwa kuliko yote ni mwendo. Santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 78 ikizungushwa kwa 74, wimbo hushuka karibu nusu toni, na mwimbaji huongezewa umri. Ikizungushwa kwa haraka hupanda, na mtu mzima huwa kijana. Kanda nazo zina mwendo wake, sentimita 19 au 38 kwa sekunde, lakini mashine za kanda huchoka kama watu. Kusahihisha kosa hili kuna njia tatu nizijuazo. Ya kwanza ni mvumo wa umeme. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na mara nyingi mtikisiko huo umepenya katika kanda; ukisikika ukiwa 52, mwendo umezidi. Njia hii haifai kwa kazi iliyorekodiwa kwa jenereta ya garini, ambayo huyumba. Ya pili ni vyombo vya kupulizwa. Gitaa hulegezwa na kukazwa kama mwenyewe apendavyo, lakini saksafoni ina noti zake, na wapigaji huchagua funguo zilizo nyepesi kwa vidole. Nakala ikiuweka wimbo katika ufunguo ambao hapana mpigaji angeuchagua usiku wa dansi, yafaa kuishuku. Ya tatu ni lugha, na hii ni kazi yetu. Irabu tano za Kiswahili hutambulikana kwa namna kinywa na koo vinavyozipa umbo, na umbo hilo hutegemea ukubwa wa kichwa cha mtu. Mwendo ukizidi, irabu zote hupanda pamoja, na mtu husikika kana kwamba kinywa chake kimepunguzwa.

Nilizijaribu njia hizi kwa wimbo mmoja wa Cuban Marimba, ambao nilikuwa na nakala zake mbili zinazopishana zaidi ya nusu toni. Mvumo wa umeme haukupatikana. Saksafoni iliipa nguvu nakala ya chini, bila kumaliza shauri. Basi nikazipeleka nakala zote mbili Mwembesongo kwa mzee mmoja ambaye alicheza dansi katika kumbi za mji huu ujanani mwake na ambaye hana santuri hata moja nyumbani. Nilimwekea spika moja tu, sebuleni, mlango ukiwa wazi upande wa mlima, na kifaa cha kubadilishia mwendo nikampa mkononi. Ile ya juu hakuisikiliza hata mstari mmoja. Alisema kwamba huyo ni mtoto anayemwigiza Salum. Ile ya chini aliisikiliza hadi katikati, akaipandisha kidogo, akairudisha, akaipandisha tena kwa kiasi kidogo zaidi, akiwa ameinamisha kichwa na kupiga vidole juu ya goti. Kisha akaniambia, "Acha hapo, mwanangu," na wimbo ulipokwisha akataka urudiwe. Mahali alipoiacha palikuwa ndani ya zile nusu toni, karibu zaidi na nakala ya chini, na ufunguo uliotokea ni mwepesi kwa saksafoni. Niliandika kipimo hicho kwa penseli juu ya bahasha ya santuri, pamoja na tarehe.